Jasho la Shangazi Mavis

Kwenye basi la Cooktown, kaskazini mwa Australia, Neville alikuwa ameshakata tamaa. Mwenyeji wa kumtambulisha kwa mizimu ya hifadhi, ili akamwone kasuku mweusi, alikuwa amelazwa hospitali.

"Narudi zangu nyumbani," alimwambia mama wa kiti cha pili. "Siingii kwa watu bila hodi."

"Afadhali wewe una adabu," alisema mama huyo, ambaye wote walimwita Shangazi Mavis. "Ile ardhi ni ya ukoo wetu. Hebu inama."

Akajipangusa kwapa, akampaka jasho uso mzima. Abiria wengine wakajifanya wanatazama miti. Neville akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

"Sasa mizimu yetu itakujua kwa harufu yangu. Usioge mpaka utoke huko."

"Wiki nzima, shangazi?"

Basi likasimama. Mavis akabeba kikapu chake, akateremka.

"Kwani unaenda kumposa huyo kasuku?"