Sare Saba za Mtoto Mmoja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa soko, Mwalimu Mkuu na walimu wako, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa kibaraza cha cherehani, na ninyi watoto mlioketi chini hapo mbele mkingojea soda: salamu kwenu nyote. Shoga yangu, mama wa mtoto wetu, wewe nakusalimu peke yako. Ningepanga mimi, ungetajwa kabla ya mgeni rasmi, na mwenyewe nimemwona akitikisa kichwa kukubali.

Nimepewa dakika tano. Wanaonijua wanacheka. Mimi Bibi Mkasi hata suruali sijawahi kuipima kwa dakika tano, maana lazima kwanza nijue inakwenda kwenye harusi ya nani.

Tumekuja kufungua chumba hiki, watoto wakitoka shule wakae humu wakati mama zao wanamalizia kazi sokoni. Ni siku ya furaha, na naomba tuifurahie bila kuona haya. Lakini tusijifanye hatujui kimetoka wapi. Mwaka jana, saa tisa alasiri, mlinzi wa soko hili alimpiga rungu la kichwa binti wa shoga yangu huyu, wa miaka minane, aliyetoka shule hana pa kumsubiri mama yake, akiwa na furushi kwapani. Alidhani ameiba kitambaa. Mtoto hakufika hospitali.

Furushi lile nilimpa mimi. Vilikuwa vipande tu, mabaki ya kazi, akamvishe mwanasesere wake. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na niliona kila kitu. Mama yake alipokuja akiuliza, "Jamani, nani aliona?" sisi mafundi saba tuliinamia vyerehani, na mimi nikajitia kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari. Kwa nini? Kwa sababu mwenye jengo la soko, mwajiri wa yule mlinzi, alikuwa ameshatupitia akisema kibaraza ni chake, na mwenye mdomo aanze kutafuta pa kuweka cherehani. Niliogopa. Siku tisa nilikula, nikalala, nikashona. Naona aibu kuyasema haya mbele yenu, na nayasema.

Sasa sikieni kosa ambalo mafundi tu ndio wanaweza kulifanya. Vipimo vya mtoto yule vilikuwa vimeandikwa kwa chaki kwenye nguzo yetu, kwa ajili ya sare ya muhula mpya. Hakuna aliyethubutu kuvifuta. Basi kila fundi, akijificha wenzake, akaishona ile sare. Siku ya kumi nikaipeleka yangu kwa mama yake. Nikamkuta fundi mashati mlangoni na yake. Hatujakaa, fundi kofia huyo anaingia. Kufika adhuhuri, kitandani kulikuwa na sare saba za kipimo kimoja, kila moja imeachiwa pindo la vidole vitatu, ili mtoto akirefuka lifumuliwe. Mtoto ambaye tulikuwa tumeshamzika.

Mama yake akazipapasa moja moja. Akasema, "Kumbe wote mlimpenda hivi. Basi semeni."

Tulikwenda polisi muda uleule, saba kwa mstari, fundi kofia akiangua kilio mpaka askari akadhani yeye ndiye amekuja kujisalimisha! Mwenye jengo akatufukuza kweli, tukashonea kando ya barabara miezi mitano, mvua yetu, vumbi letu. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma. Mahakamani wakili wa mlinzi akaniuliza, "Mama, una hakika gani vipande vile ni vyako?" Nikamwambia, "Mwanangu, mkasi wangu una pengo, kila ukikata unaacha jino. Lete furushi tuone." Likaletwa, likafunguliwa, na jino langu lilikuwa kwenye kila kipande. Binti yetu hakuwa mwizi! Neno hilo limeandikwa kwenye hukumu, na hakuna wa kulifuta. Mlinzi amefungwa, na mwenye jengo amefungwa kwa kututisha. Sisi wa sindano na uzi tumeshinda! Pigeni makofi, pigeni mpaka mikono iwashe.

Je, ushindi huu umemrudisha mtoto? Haukumrudisha, na atakayemwambia mama yake kwamba sasa yamekwisha, nitamshona mdomo mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimfuata shoga yangu nikamwomba msamaha. Akasema, "Kwa ulivyosimama mahakamani, nakushukuru. Kwa zile siku tisa, bado sijakusamehe. Lakini mlango wa chumba kile tutaufungua sote wawili, maana peke yangu sitaweza."

Ndugu zangu, sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu nawashukuru sana. Dakika zangu najua zimekwisha zamani. Shoga yangu, inuka. Ufunguo ninao, lakini peke yangu hata mimi sitaweza. Nishike.