Miti ya Bhekani kwenye Dampo la Emachibini

Waombolezaji, familia ya Ngidi imenikabidhi mimi, dada yake Nokwazi, niyasome maisha ya kaka yetu, na atakayeumia na aumie.

Bhekani Ngidi alizaliwa tarehe 3 Mei 1968 hapa Emachibini, nje kidogo ya Durban, akasoma hapahapa, akahitimu mafunzo ya misitu Pietermaritzburg mwaka 1991, na tarehe 10 Desemba 1994 akamwoa Hlengiwe, wakajaliwa Lwazi na Nomvula.

Dampo letu lilipofungwa mwaka 2003 alipewa kazi ya kulipanda miti, na miti ya kwanza ikafa yote. Aling'oa mmoja, mizizi ikatoka myeusi, inanuka mayai viza, akajua kuwa gesi ya taka zinazooza chini imefukuza hewa, na udongo wa juu, mwembamba, umeshindiliwa na katapila hadi mizizi haina pa kupenya. Akaleta udongo mwingi, akaulegeza kwa sururu, akatia samadi, akapanda umphafa, mti wa miiba ambao kwetu tawi lake huirudisha nyumbani roho ya aliyeangukia mbali, na safari hii ikashika.

Ndipo wezi wakaja na trekta mchana kweupe, kuuchota udongo ule wakafyatulie matofali. Bhekani hakuwa malaika, mwaka 2016 alimvunja mmoja wao mkono kwa mpini wa sururu, akalala mahabusu, akatoka, akarudi palepale. "We Ngidi, hako kamsitu ka takataka tutakuzika nako!" walimpigia kelele, na mtaa mzima ukacheka. Miti ikabaki mizizi nje, ikakauka.

Tarehe 9 Machi 2019 alisimama mbele ya trekta, wakampiga sepetu kichwani, wakampiga tena akiwa chini, damu ikanywewa na udongo alioubeba mwenyewe. Hakusema tena, akafariki hospitalini tarehe 14.

Nyumba zilizojengwa kwa matofali yale tunazijua, na wenye nyumba hizo wanakunywa chai yetu hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani wawili, wawili tu, waliompakia garini.

Jana Lwazi alikwenda kuichukua roho ya baba yake pale alipoangukia, wala hakutafuta tawi mbali, maana umphafa mmoja ulikuwa bado hai. Alikata, akasema, "Baba, twende nyumbani," kisha, kama desturi inavyomtaka abebaye tawi, hakuzungumza na mtu hadi alipofika nyumbani.

Tawi ndilo hilo juu ya jeneza. Pumzika, Bhekani, kwa amani uliyonyimwa, ule mti haufi, sururu yako ninayo mimi.