Melkiori Msengi na Dirisha la Chumbani

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, wakwe zetu wa Ikungi, majirani wa Mandewa na nyote mliotoka mbali kuja kutushika mkono, familia inawaomba mtulie, hata ninyi wa kule nyuma ya turubai, tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, na tunaomba radhi mapema kwamba hayatakuwa maisha ya malaika, maana jana jioni mama yetu Lea, mjane wa marehemu, aliposomewa maelezo ya kwanza yaliyosema kwamba marehemu alikuwa mpole, msikivu na hakuwahi kubishana na mtu, aliuliza, huyo ni nani, na mume wangu mmemweka wapi.

Marehemu Melkiori Paschal Msengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 nje kidogo ya Kiomboi, wilayani Iramba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Paschal Msengi na Mama Agripina, ambao wote wametangulia, na bibi yetu huyo alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu aligoma kunyonya mpaka ageuzwe upande alioutaka yeye, jambo ambalo watu wa wakati ule walicheka, na Lea alipokuja kulisikia, akiwa bibi arusi, naye alicheka, hakujua.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1967 na kuhitimu mwaka 1973, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na tusiseme ni kwa sababu nafasi zilikuwa chache, ingawa zilikuwa chache kweli, kwa kuwa mwenyewe alikiri kwamba katika mtihani wa hesabu aliyakuta maswali ambayo hakuyajibu, aliyabishia. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi cha misheni kujifunza useremala, akakaa mwaka mmoja na nusu, akaondoka baada ya kumwambia mwalimu wake mbele ya darasa zima kwamba kiungo alichokichora ubaoni kingeachia mvua ya kwanza, kiungo kile kiliachia au hakikuachia hatujui, tunachojua ni kwamba cheti hakikutoka.

Kuanzia mwaka 1978 alifanya kazi Ikungi, akitengeneza milango, madawati na rafu za maduka, na mwaka 1991 alifungua karakana yake hapa Mandewa, ambako wengi wenu mlimjua, na wengi wenu mmelala na mmekula nyuma ya milango aliyoitengeneza yeye, na mmefungiana milango hiyohiyo, na katika hilo hatuongezi chumvi, mlango wa Melkiori ulikuwa ukifungwa husikii kitu zaidi ya pumzi. Tarehe 27 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Lea Kitundu, wakajaliwa watoto watatu, Editha, Emilian na Peniel, na mwaka 2014 Emilian alimwoa Rebeka, binti wa Bwana Gervas wa Ikungi, fundi wa kuchomelea mwenye banda lake kando ya barabara ya Dodoma, na kwa ndoa hiyo fundi mbao na fundi chuma wakawa wakwe, nasi tukashangilia, tukapiga vigelegele, kumbe ndipo shida ya dirisha ilipoanzia.

Mnajua upepo wetu, hauhitaji kusimuliwa, na mwezi Agosti 2017 upepo huo ulilishika dirisha la chumbani kwa wazee, dirisha la kawaida la bawaba, ukalibamiza ukutani, kioo kikamwagika kitandani, na marehemu badala ya kununua kioo kingine alichukua mtaimbo, akang'oa dirisha zima na fremu yake, akatangaza kwamba dirisha la bawaba ni kosa tangu mwanzo, kwamba atabuni dirisha lake mwenyewe, fremu ya mbao ya mninga yenye mfereji, ndani yake vipande viwili vya chuma na kioo vinavyoteleza kimoja mbele ya kingine, upepo usipate cha kubamiza. Lea alimwuliza, sasa Baba Editha, si ungebuni kwanza ndipo ung'oe, akajibiwa kwamba mtu hafikirii sawasawa akiwa bado ana dirisha.

Kulikuwa na sababu nyingine, na kwa kuwa marehemu hawezi tena kuikana tutaisema, wakati huo nyumba mpya zote za Mandewa zilikuwa zikiwekwa madirisha ya alumini tupu, hakuna aliyeagiza fremu ya mbao, na marehemu alikuwa akipita barabarani akizitazama nyumba hizo na kusema, makontena hayo, watu wanaishi kwenye makontena, kwa hiyo dirisha lile halikuwa dirisha tu, alitaka kuuonyesha mji kwamba mbao bado ina kazi, na mji, kwa bahati mbaya, ulikuwa haujauliza.

Sehemu ya chuma ilibidi apewe mkwe, maana ungempaje mtu mwingine, Ikungi nzima ingesemaje, na hapo ndipo desturi yetu ilipoingia chumbani na kukaa. Mkwe hambishii mkwe usoni, wala hamwambii kwamba amekosea, hata kwa simu, kwa hiyo marehemu alipokuwa na neno kwa Gervas alimwambia Lea, Lea naye, ambaye pia ni mkwe, akamwambia Rebeka, na Rebeka akampigia baba yake, na kila mmoja kati ya hao wanawake wawili, kwa malezi mema aliyolelewa, aliondoa mwiba kidogo kabla ya kulipeleka mbele. Marehemu, kwa heshima, alichimba mfereji mpana kidogo ili asimbane mkwe wake, na Gervas, kwa heshima ileile, alitengeneza vipande vyembamba kidogo ili asimbane mkwe wake, na Desemba ya mwaka huo dirisha lilipopachikwa likawa linagonga usiku kucha kama mgeni asiyejua kwamba watu wamelala.

Marehemu akasema, mwambie huyo bwana vyuma vyake vimepwaya, Lea akamwambia Rebeka, baba anashukuru, ila kama vingejaa kidogo tu, mwanangu, na Rebeka akamwambia baba yake, Baba, mkwe wako amefurahi, anakusalimia sana. Gervas akafurahi pia, akatuma salamu na kuku.

Kuku yule aliliwa, na dirisha likaendelea kugonga. Miaka miwili Lea alilala akiwa amechomeka vitambaa kwenye mfereji, mwisho akavimaliza vitambaa vya meza vyote, na wageni wakawa wanakula kwenye meza tupu, marehemu anawaeleza kwamba kuna utafiti unaendelea. Mwishoni mwa mwaka 2019 Gervas alisikia mnadani Ikungi, kwa watu, kwamba mkwe wake wa mjini anamlalamikia kwa kila anayekaa kwenye benchi la karakana, akaumia, na ni haki yake kuumia, akatengeneza vipande vipya vilivyojaa hasa, akavituma bila neno, na marehemu naye, kwa kuchoka kungoja jibu, alikuwa amekwisha kupachika fremu mpya yenye mfereji uliobana. Vipande viliingizwa kwa nyundo, Januari 2020 mvua ikanyesha, mninga ukanywa maji ukavimba, na kuanzia siku hiyo familia yetu ikawa na dirisha la kuteleza lisiloteleza, unaona nje, unaona mtu anapita, unamwona amekusalimia, humsikii. Lea alisema wakati ule kwamba mafundi hao wawili wakipendana hapafungiki na wakichukiana hapafunguki.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, alitibiwa Kiomboi, kisha hapa mjini, na mwezi Mei 2023 daktari alieleza kwamba mapafu yamechoshwa na vumbi la mbao la miaka mingi, akatoa dawa, akamwonya aache karakana, na mwisho akasema, akimtazama Lea, alale chumba chenye hewa, madirisha yafunguliwe. Lea alicheka, cheko ambalo daktari yule bila shaka hakulielewa, na njiani kurudi alilia.

Kuanzia hapo suala halikuwa tena mbao wala chuma wala heshima ya mtu, ilikuwa ni pumzi ya Melkiori, na Lea ndiye aliyekuwa akiisikiliza kila usiku ikipanda kilima. Alimwomba wahamie sebuleni, akajibiwa kwamba mwanamume anayehama chumba chake kwa sababu ya dirisha ameshindwa na dirisha. Jirani yetu Bi Parvin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja mwenyewe kumpa shikamoo na kumwambia, mzee wangu, nina dirisha la alumini dukani, kesho mafundi wanakuja, jioni unalala na hewa, marehemu akamshukuru kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akikohoa, akasema, kontena. Lea alishika nyundo avunje kile kioo, marehemu akamwambia, ukivunja hicho kioo, Mama Editha, mimi nitalala nacho hivyohivyo kilivyovunjika, na Lea, aliyemjua, aliiweka nyundo chini.

Tarehe 11 Februari 2025, mvua ikinyesha, Lea alipanda basi kwenda Ikungi bila kumuaga mtu, akaingia kwenye banda la Gervas, akavunja desturi yote kwa mara moja, akamwambia mkwe wake usoni, mkwe, shikamoo, vyuma vyako vinamwua mwenzako, twende. Gervas, ambaye yuko hapa na ametupa ruhusa tuyaseme haya, aliinuka na miwani yake ya kuchomelea ikiwa bado kichwani, akapanda basi nayo. Mchana ule Lea aliwaingiza wote wawili chumbani, akalaza juu ya kitanda fremu ya akiba iliyokuwa karakana, akasema, leo hapa hakuna mkwe, kuna mafundi wawili na dirisha moja, na atakayesema asante kabla halijafunguka hali chakula kwangu, akafunga mlango, akaweka kiti, akaketi nje yake.

Kwanza alisikia kikohozi, kikohozi cha wakwe, halafu marehemu akisema kwa sauti ndogo kwamba huenda, labda, chuma kimepinda kidogo, na Gervas akisema kwamba huenda, labda, mbao ya mzee haikukauka, halafu sauti zikapanda, chuma changu kimepinda, mimi, kimepinda na wewe unajua, mbao mbichi hii, hata mbuzi angeila, mbuzi wa kwenu Ikungi wanakula kila kitu, na Lea pale kitini, kwa mara ya kwanza kwa miaka, alitulia, maana alijua watu wanaotukanana namna hiyo wameanza kupima. Na kweli walipima, wote wawili kwa futi kamba moja, wakaona kila mmoja amekosea, wakakubaliana kwamba chuma kisitembee juu ya mbao kamwe, mfereji upanuliwe kuifuata mbao ilivyovimba, chini ilazwe reli ya chuma yenye matundu ya kutolea maji, na vipande viwekewe vigurudumu vidogo, ambavyo walimtuma Peniel akavichukue kwa Bi Parvin, na Bi Parvin akavitoa bila kusema neno juu ya makontena, Mungu ambariki.

Siku tatu baadaye dirisha lilipachikwa, Lea akaitwa ili alijaribu yeye, akalisukuma kwa kidole, likaenda mpaka mwisho bila sauti, hewa ya baada ya mvua ikaingia chumbani, Gervas akajifuta uso, na Melkiori, aliyekuwa ameketi kitandani, akavuta pumzi ndefu, akatazama, akasema, haya, lifungeni, mbu. Ndiyo maneno aliyoyasema. Lea aliyangojea tangu mwaka 2017, akayapata.

Miezi saba iliyofuata, mwenye nyumba hiyo na mkewe walikuwa na kazi moja, Lea anafungua, yeye anafunga, mvua zikiwepo ni mbu, mvua zikiisha ni vumbi, lakini usiku alilala akiwa ameliacha wazi kwa upana wa mkono, akisema ni Lea aliyelisahau. Mwezi Agosti hali ilibadilika, alilazwa, akaruhusiwa, na asubuhi ya Jumatano tarehe 10 Septemba 2025 Lea alimwacha amelala, dirisha limefungwa kama alivyotaka, akaenda jikoni kukoroga uji, aliporudi akakuta dirisha liko wazi lote, upepo unaingia, shuka aliyoifua jana yake imejaa vumbi jekundu, na akaanza kugomba, Baba Editha, mimi nikifungua ni vumbi, wewe ukifungua ni nini, akagomba mpaka alipofika kitandani na kuuona mkono wake umelala kwenye reli, umetulia, na hapo akaacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi na wa hapa mjini waliomhudumia kwa uvumilivu ambao haukuwa rahisi, majirani wa Mandewa mlioleta maji, kuni na maturubai, Bi Parvin na familia yake, mafundi wenzake wa karakana, na kwa namna ya pekee Bwana Gervas, aliyetengeneza vishikio vya jeneza hili huku Peniel akitengeneza mbao zake, wakipima pamoja tangu mwanzo. Tunawashukuru pia ninyi ambao tangu jana mnasema marehemu alikuwa mbunifu, ingawa benchi la karakana linayakumbuka mliyokuwa mkiyasema, na Lea anaomba wale mnaoingia chumbani kumpa pole kisha mkalisukuma lile dirisha huku na huku kwa mshangao, mliache, limekwisha kujaribiwa na mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Baba Editha, Lea ameliacha wazi, na vumbi atalifuta yeye.