Mama Futi Anastaafu, Nguo Kumi na Moja Hazijakamilika

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu mwalimu wetu wa ushonaji, ambaye vijana humwita Mama Futi. Ofisi ilimpa wiki ya mwisho apumzike. Hakuketi hata siku moja.

Alipoanza kazi katika shule hii ya marekebisho, kijana mpya alipokelewa kwa mambo matatu: kupekuliwa, kunyolewa na kuonywa. Yeye aliongeza la nne. Siku hiyohiyo alimpima kijana nguo ya kutokea, ambayo angeishona mwenyewe na kuivaa siku ya kuondoka. Sisi wafanyakazi wenzake tulinung'unika kwamba anamvisha mtoto ndoto kabla hajaoga. Aliandika vipimo, akaacha upindo wa inchi tatu, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na minne hakui kwa amri ya mahakama. Kila baada ya miezi mitatu alimpima tena.

Kilichotutia hofu ni mikasi. Siku moja mmoja ulipotea. Tulipindua magodoro, chakula kikachelewa, vijana wakasimama juani kwa saa mbili. Kumbe mkasi ulikuwa katika mfuko wa aproni yake! Aliwakusanya wote, akawaomba radhi mbele yetu. "Leo wa kupekuliwa ni wewe, Mama!" kijana mmoja akapaza sauti, wakacheka hata mlinzi akasahau kukunja uso. Tangu hapo vijana huhesabu mikasi wenyewe, na haijapungua. Mwandishi wa maneno haya ndiye aliyeongoza upekuzi ule na hakuomba radhi. Anaiomba leo.

Zaidi ya nguo mia nne zimetoka langoni, kila moja na mwenyewe ndani yake. Wachache walirudi; nao aliwapima upya, bila masimango.

Sasa tuna wasiwasi, na si vyema kuuficha katika karatasi ya sherehe. Nguo kumi na moja hazijakamilika, wenyewe wanauliza kila asubuhi nani atawapima, na barua ya kuomba mwalimu mwingine haijajibiwa. Limetolewa pendekezo la kununua nguo zilizo tayari. Tumelikataa. Ndiyo maana wiki hii Mama Futi ametugeuza wanafunzi: mpishi anakunja pindo, karani anasoma inchi, na mlinzi wa lango amemudu kiuno, ingawa mikono ya shati bado inamtoa jasho.

Asante, dada yetu. Tunakutakia afya njema na asubuhi nyingi zisizo na kengele. Jumatatu anakuja kijana mpya. Atapimwa.