Miwani ya Tekla Usoni mwa Karani

Zama za Mwingereza, pale Temeke penye kona ya bomba la maji, palikuwa na gogo la reli watu wamelifanya benchi. Nani aliliiba relini, hakuna aliyejua. Nani alilikalia, hata mbuzi walijua. Mwisho wa huku aliketi Karani, jina la ubatizo Marselino, ambaye kazi yake ilikuwa utarishi: kubeba barua za wenzake. Ukarani alijipa mwenyewe. Katikati alikaa Bama, yaani Salumu, aliyepelekwa vitani Burma akarudi na buti moja na majibu ya maswali yote. Mwisho wa kule, Mpingo, ndiye Albano mchonga vinyago, wa Newala. Mbele yao Jamali na dele lake la kahawa juu ya makaa. Jumamosi moja asubuhi Bibi Filomena akatokea, kamshika mkono mjukuu wake Tekla, na kwenye pindo la khanga kafunga miwani tatu. Alikuwa njiani kwenda kwake kumjaribishia mtoto. Magoti yakamwambia keti kidogo.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba. Sogeeni, au mmeota mizizi?

Wakasogea. Tekla akakaa chini, kiganja kimefungwa kitambaa. Alikuwa mtoto wa miaka sita, uso wa mviringo, macho yamepanda pembeni, pua fupi iliyolala, masikio madogo. Alipozaliwa watu walinong'ona. Bibi akawaambia wanong'one kwa sauti, maana yeye sikio zima lilikuwa moja tu. Daktari alikwisha sema watoto wa namna ile huzaliwa kila nchi, hata Ulaya. Hujifunza taratibu, lakini hujifunza.

— Mkono umefanyaje? akauliza Jamali.

— Haoni vizuri. Juzi kayaona makaa, kadhani maua, kayachuma. Sasa Sista wa zahanati ana sanduku la miwani za Wazungu waliokwisha kufa. Kanipa hizi tatu, vioo vyote vinamfaa, nichague itakayomkaa. Nyingine nirudishe kabla ya kengele ya saa sita, maana anaondoka na sanduku lake kwenda kusini. Nikichelewa, mpaka mwakani. Na makaa hayangoji mwakani.

Akafungua pindo. Hapo ndipo alipokosea.

Karani alinyakua ile nyeusi nene, akaisukumiza usoni mpaka ikakwama kwenye paji.

— Hii ya cheo, Bibi. Bwana mkubwa wetu ofisini anayo kama hii. Ukimvika mtoto, kesho atamwita babu yake boi.

— Babu yake kafa.

— Umeona sasa? Wahenga walisema, mvunja nchi ni mwananchi.

— Wahenga gani hao, wa posta?

Bama naye kavaa ile ya waya wa rangi ya dhahabu.

— Mie naona Jamali wawili.

— Mmoja wao akachote maji, akasema Jamali. Kahawa inafika chini.

— Tulia. Nyie hamjasafiri, hamjui. Miwani ya marehemu huona aliyoyaona marehemu! Kule Burma mwenzetu mmoja aliokota ya Mjapani. Akawa kila akiivaa anainama kumsalimu mpishi. Je, hii ikiwa ya mkusanya kodi? Mtoto atatembea mtaani anatuhesabu vichwa, aseme na nani kajificha chooni.

— Wewe ulijificha mwaka jana, akasema Karani.

— Nilikuwa na tumbo!

Mpingo akatema mate pembeni.

— Mnahangaika na miwani, kumbe kasoro iko kwenye pua. Imelala. Namchongea mgongo wa pua, wa mpingo mtupu, nabandika kwa nta. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mjukuu wangu si samaki.

— Na nikishafika puani, Bibi, hata ndonya, kile kipande cha mti cha mdomoni, namtilia. Sikudai kitu.

— Vinyago vyako vyote vina sura yako, Albano. Mtoto hajakukosea kiasi hicho.

Mpingo hakusikia. Alikuwa kashika kijiti, anapima pua yake mwenyewe.

Ikabaki ile ya tatu, ya waya mwembamba, mikono yake imejikunja mwishoni kama ndoana.

— Hii ya kizee, akasema Karani. Jaribu wewe, Bibi.

Bibi akasema hana upuuzi huo. Kisha akaivaa. Akajitazama kwenye ubavu wa dele, akajiona mke wa Liwali. Akageuka upande wa pili, ajione tena.

Ndipo Atuganile, mama wa Kinyakyusa aliyehamia mtaani majuzi, akapita na debe la maji kichwani.

— Shikamoo, Bibi. Habari zenu, baba zangu. Nasikia mnachagua miwani ya mtoto?

— Tangu asubuhi, mama! akasema Karani. Kazi nzito hii.

— Na mtoto imemkaa ipi?

Karani akamtazama Bama. Bama akawatazama Karani wawili. Nyeusi ilikuwa pajini, ya dhahabu puani kwa Bama, ya tatu usoni kwa Bibi mwenyewe. Tekla alikuwa vumbini, macho matupu, anapapasa ardhi kutafuta kiatu chake kilichokuwa mguuni.

Bibi Filomena akaivua upesi kama imemuunguza.

— Leteni hizo!

Nyeusi ikamponyoka Tekla papo hapo, ikaangukia majivuni. Ya dhahabu ikateleza mpaka mdomoni. Ya tatu Bibi akaizungushia ndoana nyuma ya masikio, zikawa pana. Mpingo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akafunga mdomo akatumia vidole, akazikunja polepole zikaingia. Tekla akatikisa kichwa. Miwani ikashuka kidogo, ikasimama.

Mtoto akakitazama kiganja chake kilichofungwa. Akayatazama makaa. Akaurudisha mguu nyuma.

Bibi akaiokota ile nyeusi, akaipangusa majivu.

Tekla akainuka, akachungulia kikombe cha Karani.

— Hamna.

Akaenda kwa Bama.

— Hamna.

Kwa Mpingo.

— Hamna.

Jamali akalipindua dele: tone halikushuka. Kumbe walikuwa wakinywa upepo saa nzima, mtu asipokonywe nafasi yake kwenye gogo. Tekla akapanda juu ya gogo, akamshika Karani kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuchungulia ndani ya sikio.

Bibi akamteremsha, pindo kakwisha kulifunga.

— Twende mama, kengele isitukute hapa. Ya humo kichwani mtaa mzima unajua, hata bila miwani.