Kilemba cha Harjiram Kisichofika

Wasikilizaji wapendwa, Harjiram Raika ametutoka. Yule mchunga ngamia wa kijiji cha Kheturi, mwenye kilemba chekundu. Kikubwa mpaka siku moja shomoro aliingia humo asubuhi, akaipata njia ya kutokea kesho yake.

Huku kwetu jangwani Thar, kilemba ni kivuli. Ni mto wa kulalia. Ni chujio la maji yenye mchanga. Na ni kamba ya kisima. Harjiram aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini ujana nao! Alipokaribia kuoa, akanunua kilemba kifupi, cha vijana wa mjini.

"Hicho kilemba au umefungwa kidonda?" mdogo wake, Suja, alimcheka.

"Wivu tu huo. Tembea!"

Adhuhuri ya siku hiyo hiyo ndoo iliwaponyoka kisimani. Suja akashuka kuifuata. Ukuta ukameguka, akatumbukia majini. Harjiram akavua kilemba, akakishusha. Hakikufika. Wasikilizaji, hakikufika. Kilipungua urefu wa mkono tu.

"Kaka, ongeza!"

"Ndicho chote, Suja! Ndicho chote!"

Suja hakutoka akiwa hai.

Tangu hapo Harjiram akawa anaunga kitambaa juu ya kitambaa. Kila jioni alikishusha kisimani, na kisima chenyewe kilishakauka zamani. Mkewe, Dhapu, anasema: "Kilirudi kimelowa. Mimi ndiye niliyekianika. Siku nyingine ncha ilikuja na fundo, na mume wangu hakuwa amefunga fundo lolote. Nikimuuliza, ananiambia, 'Nyamaza, mama Bhera. Bado kidogo anafika.'"

Juzi juzi walimkuta ameketi pale ukingoni, roho imeshatoka. Mikono imekamata kilemba. Kilemba kimeingia kisimani, kimekaza kama kamba ya ngamia mbishi.

Siku ya kumvisha mwanawe, Bhera, kilemba cha baba kama mrithi, wazee walisema kikatwe, kitamlemea. Mkasi ukaletwa. Bhera akaudaka mkono wenye mkasi.

"Msikate, wazee wangu. Baba alikuwa anavuta. Mkikata, wataanguka wote wawili."

Akakizungusha chote, mpaka shingo ikatetemeka. Hakuna aliyecheka.

Pole sana, mama Dhapu. Pole, Bhera. Poleni ukoo mzima. Nawe unayetusikiliza, kesho kabla hujafunga chako, kinyooshe kwanza chini. Tazama kinapoishia. Nani angekifikia?