Risala ya Wazima Moto wa Pennasket Siku ya Kupokea Ngao ya Uimara

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Constance Ridgeway, Katibu wa Uchumi wa Jimbo, uliyevuka leo asubuhi kuja kwetu ukiwa na ngao kwapani na roho mkononi, maana bahari ilichafuka;
Wajumbe wa Halmashauri ya Kisiwa;
Wenye nyumba mliotangulia kufika kabla ya kiangazi;
Wakazi wenzetu ambao bado mna pa kulala hadi mwisho wa mwezi huu wa Mei:

KUKARIBISHA

Sisi wanakikosi wa Zimamoto ya Kujitolea tunakukaribisha kwa heshima zote. Supu ya chaza iko jikoni, na soseji za Kireno zinachomwa nyuma ya kituo na mtu mwenye leseni ya kuzima alichokiwasha. Tumefurahi kusikia kwamba, katika jimbo zima la Massachusetts, ambako maisha ni ghali kuliko karibu kwingine kote nchini, kisiwa chetu ndicho kilichochaguliwa kupokea Ngao ya Uchumi Imara. Tutaitundika hapa kituoni. Tulishauriana kwa kirefu iwekwe wapi, tukaona kwamba huu ndio ukuta pekee ambao tuna hakika utakuwa wetu mwezi Agosti.

HISTORIA YA KIKOSI

Kikosi hiki kiliundwa na babu zetu baada ya ghala la mafuta ya nyangumi kuteketea huku watu wakipitishiana ndoo kwa safu. Tangu siku ile hakuna mwanakikosi aliyelipwa mshahara. Tunaoka mikate, tunaezeka mapaa, tunafundisha, tunaendesha basi la shule; king'ora kikilia, tunaacha kilichomo mikononi na kuja mbio. Sharti la kujiunga ni moja na halijawahi kufutwa: mwanakikosi aishi kisiwani. Sharti hilo liliandikwa na watu ambao hawakuweza kuwazia kwamba ndilo litakalokuja kuwa gumu kuliko kuingia ndani ya moto.

DALILI ZA UIMARA TULIZOZIONA WENYEWE

Mheshimiwa, hatukutaka kupokea ngao kama watoto wanaopewa pipi bila kujua wamefanya nini. Tulikaa tukazitafuta dalili za uimara wetu, na kwa kweli zipo.

Kwanza, hakuna asiye na kazi. Bwana Asa Pease, dereva wetu wa gari la pampu, ni fundi bomba asubuhi, dereva wa basi la shule mchana, na mchimba makaburi anapohitajika. Ukimkuta mtu hapa hana kazi, mwamkie kwa adabu: huyo ni mwenye nyumba.

Pili, hakuna jengo linalokaa tupu. Banda la kuku la shangazi yake Asa lilipigwa rangi nyeupe, likatangazwa kuwa "chumba chenye mazingira ya asili", likapata mpangaji kabla ya rangi kukauka. Kuku walihamia kwa jirani. Wameshazoea, hata mayai hawajapunguza.

Tatu, elimu yetu ni ya kiwango cha juu. Mwalimu mpya wa hisabati alikuja mwaka jana, akatembezwa, akapenda shule, akapenda wanafunzi, akaulizia kodi za nyumba, akapiga hesabu, kisha akapanda feri iliyomleta. Tulisikitika, lakini hakuna aliyebaki na shaka kwamba kweli alikuwa mwalimu wa hisabati.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mengi, ila kwa heshima ya muda wako tutasimulia moja.

Wageni waalikwa kutoka bara huenda hawajui kuhama kwa Juni, ambako kwetu ni desturi kama Krismasi. Anayepanga nyumba hapa hupanga kuanzia Septemba hadi Mei. Juni ikifika, mwenye nyumba anarudi, au anawapangisha watu wa kiangazi kwa wiki, na mpangaji wa baridi anafunga virago. Mmoja anakwenda kulala katika mashua, mwingine katika hema msituni ambako mahema hayaruhusiwi, mwingine sebuleni kwa binamu. Septemba kila mtu anarudi, anapangusa mchanga, anaanza upya.

Kapteni wetu, Lurdes Amaral, amehama hivyo tangu alipokuwa binti. Kwa miaka mingi, majira ya baridi alipanga, kupitia wakala, nyumba ya Bi. Winifred Lathrop, ile ya kijivu juu ya mwamba. Julai iliyopita, mchana wa ukungu mzito, mafuta ya kukaangia samaki yaliwaka moto jikoni mwa nyumba hiyo. Bi. Lathrop alikuwa peke yake. Tulipofika moshi ulikuwa umeziba madirisha.

Lurdes hakugusa mlango wa mbele, kwani alijua kwamba siku za ukungu huvimba na kukwama. Alizunguka nyuma, akaenda kwa kupapasa hadi chini ya ngazi, akafunga gesi, akauvika moto mfuniko wa sufuria kubwa, akalisukuma dirisha kwa nyonga, maana lile dirisha halisikii mkono. Moto ulikufa kabla Asa hajamaliza kukunjua mpira wa maji. Mwalimu wa kikosi kutoka bara alituambia baadaye kwamba katika nyumba asiyoifahamu mtu angepotea mle.

Kisha Lurdes alifanya kosa ambalo ni la watu wa Pennasket tu. Alitundika kofia yake kwenye msumari nyuma ya mlango, akamkalisha kitini Bi. Lathrop aliyekuwa amekimbilia uani, akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua kikombe. Akavuta droo, akachukua kijiko. Akaanza kumkorogea maji ya sukari.

"We Lurdes," Bi. Lathrop akasema, "umejuaje vijiko viko hapo?"

"Nimevipanga mwenyewe, mama. Vile vyako vya fedha viko droo ya chini. Hivyo sivigusi."

"Mimi nilidhani ni wakala wangu anayepanga vizuri hivi!"

"Wakala wako hajui hata dirisha lako linafunguka vipi."

Asa akapaza sauti kutoka mlangoni: "Kapteni! Ukimaliza usafi wa kwako utuambie, bwana, sisi tunaondoka!"

"Funga mdomo, Asa, uvue na hivyo viatu. Hiyo sakafu nimeipiga msasa mimi, kwa magoti haya."

Bi. Lathrop alicheka hadi akakohoa. "Basi hii ni nyumba yako kuliko yangu."

"Kuanzia Septemba, mama. Leo ni yako. Haya, kunywa."

Hayo, Mheshimiwa, ndiyo mafanikio yetu. Nyumba ilipona kwa sababu aliyezima moto aliwahi kuishi humo. Nyumba nyingi za kisiwa hiki zinalindwa namna hiyo, na wenyewe hawajui.

CHANGAMOTO

Majira ya kuchipua mwaka huu nyumba ya kijivu imeuzwa. Hatumlaumu mtu. Bi. Lathrop alipiga simu mwenyewe, jambo la kiungwana, akasema: "Lurdes mwanangu, nimetajiwa bei ambayo ningeikataa, watoto wangu wangenipeleka kwa daktari wa akili." Lurdes akamjibu: "Ningekuwa wewe, mama, ningeuza jana." Akakata simu, akaenda kuosha gari la pampu lililokuwa limeshaoshwa.

Mnunuzi ni mtu mwema, mwenye haraka. Amesema nyumba itafungwa majira yote ya baridi. Kwa hiyo safari hii Kapteni akihama Juni hana pa kurudi Septemba. Amezunguka kisiwa kizima akiulizia. Amekuta funguo nyingi na milango michache. Dada yake, Natália, aliyeko Fall River, kule bara, amemtengea chumba, na anamsihi kila jioni: "Dada, hicho kisiwa hakikutaki. Njoo kwetu, kuna joto, kuna watu." Ameomba jibu kabla ya Ijumaa, maana kuna mpangaji mwingine anayekitaka chumba hicho.

Kapteni hatakuwa wa kwanza kuondoka. Nusu ya kikosi sasa inaishi ng'ambo na kuvuka asubuhi kuja kazini; tumelifumbia macho sharti la babu zetu, na hatujivunii. Wakati wa mchana bado tunatosha. Lakini moto ukizuka baada ya feri ya jioni kuondoka, tunaomba uwe moto mstaarabu, wenye subira, utakaotungoja hadi feri ya asubuhi.

Mheshimiwa, kisiwa ambacho nyumba zake zina thamani kubwa na hazina wa kuzizimia moto ni kuni zilizopangwa vizuri. Tunalisema hili bila utani.

MAOMBI

Tuna ombi moja. Hatujawahi kuomba kitu kwa jimbo, na tungependa kulianza jambo hili kwa nidhamu.

Nyuma ya kituo hiki, pale soseji zinapochomwa, pana kiwanja cha jimbo kilichokuwa karakana ya barabara. Leo kina kokoto na shakwe. Tunaomba kikodishwe kwa kikosi kwa muda mrefu, tujenge nyumba nane za watu wanaoishi hapa mwaka mzima. Fedha hatuombi. Maseremala tunao, waezekaji tunao, na bomba zitawekwa na Asa, ambaye ametoa mikono yake bure kwa sharti kwamba yeye akiwa kazini asiimbe mtu mwingine. Masharti tuliyoyaweka ni makali kuliko ya bweni: nyumba hizo hazitauzwa, hazitapangishwa kwa wiki, na atakayeacha kuishi hapa atarudisha ufunguo.

Tulimtengea Kapteni nyumba ya kwanza. Alikataa. "Ya kwanza mpeni mwalimu wa hisabati," alisema. "Mimi nitapata ya mwisho, kama mtakuwa hamjanichoka."

Hadi hapo atalala wapi? Kanuni zinaruhusu kulala ghorofani, juu ya gari la pampu, kwa aliye zamu tu. Tumempangia zamu kuanzia mosi Juni hadi nyumba ya mwisho itakapoezekwa. Aliiangalia ratiba hiyo akacheka, kisha akasema maneno tuliyoona yakufikie kama alivyoyatamka: "Mtu anaweza kulala juu ya gari la zimamoto hata miaka miwili, ikiwa anajua anangoja nini."

HITIMISHO

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatudai majengo leo wala sahihi leo. Tunakuomba neno tu juu ya kiwanja, nalo usitupe sisi; mpe Kapteni, ambaye kabla ya Ijumaa anatakiwa kumjibu dada yake. Feri yako inaondoka saa kumi na moja jioni, na itifaki inataka Kapteni akusindikize gatini. Ni mwendo mfupi, mtakuwa wawili. Hakujua kwamba risala hii ingemtaja, na kwa jinsi anavyotutazama sasa kutoka mstari wa mbele, kesho tutaosha magari yote.

Mkiwa njiani muulize hali yake. Atakujibu, "Salama tu, Mheshimiwa." Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, na huenda ndivyo tulivyoipata ngao hii. Tafadhali usiishie hapo. Muulize mara ya pili.

Mungu akutulizie maji ya kurudia, akukuzie hekima katika ofisi yako, na akuepushe na kila moto usio wa jikoni.

Ni sisi,
Kikosi cha Zimamoto ya Kujitolea,
Kisiwa cha Pennasket.